Historia ya Somo la Utamaduni wa Marekani na Mafunzo Yake Kwetu



Mzee mmoja, jirani yetu hapa Bukavu, alitujia jioni akiwa na barua mkononi. Barua hiyo ilitoka kwa mwanawe wa pili, ambaye tulimfundisha Kiswahili kwa miaka minne kabla hajapata ufadhili wa kusoma katika chuo kimoja cha Marekani. Kijana alimweleza baba yake kwamba ametimiza miaka miwili chuoni, na kwamba kwa taratibu za huko mwanafunzi aliyefikia hatua hiyo hana budi kutaja somo lake kuu. Yeye amechagua somo liitwalo Masomo ya Marekani. Mzee huyu aliuza ng'ombe wawili ili kulipia safari ya mtoto, akitumaini kwamba atarudi akiwa daktari au mhandisi. Akatuuliza: "Mwalimu, hilo ni somo gani? Ni historia? Ni Kiingereza? Na mtu akiisoma Marekani mpaka akaimaliza, anakuwa nani?"

Tulimjibu kwa maneno machache yasiyotosha, naye akaaga kwa adabu, akarudi kwake na shaka ile ile aliyokuja nayo. Makala haya ni jibu ambalo tulipaswa kumpa. Tunaliandika mbele yenu, walimu wa Kiswahili, kwa sababu tulipokuwa tukilitafuta tuligundua kwamba historia ya somo hili inapita kwetu mara mbili: mara moja katika bandari ya Matadi, na mara nyingine katika njia ile ile iliyokileta Kiswahili katika mikoa yetu ya mashariki ya Kongo.

Somo lenyewe ni lipi?

Katika vyuo vingi vya Marekani masomo ya shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Miaka ya mwanzo mwanafunzi husoma mambo mengi: hesabu kidogo, sayansi, lugha, falsafa. Baadaye huchagua somo kuu, nalo ndilo linaloitambulisha shahada yake. Aliyechagua historia huwa chini ya idara ya historia, na aliyechagua fasihi huwa chini ya idara ya fasihi. Lakini aliyechagua Masomo ya Marekani hapewi nyumba moja. Huchukua baadhi ya mafunzo yake katika historia, mengine katika fasihi, na mengine katika sanaa, muziki, dini, siasa, elimu ya jamii au filamu. Kinachoyaunganisha ni swali moja: watu wa nchi hii wameishi vipi, wameamini nini, na wamejieleza kwa njia gani? Kwa kawaida hupitia semina ya mbinu za utafiti, na katika mwaka wa mwisho huandika tasnifu juu ya jambo alilolichagua mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa historia akifundisha miaka ya 1930 ataeleza kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929, ukosefu wa kazi uliofuata, na hatua alizochukua Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani mwaka 1933. Mwalimu wa jiografia ataeleza ukame na tufani za vumbi zilizoharibu mashamba ya Oklahoma na majimbo ya jirani. Mwalimu wa fasihi atafundisha riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka 1939. Mwalimu wa sanaa ataonyesha picha ya mama kibarua na wanawe, iliyopigwa na Dorothea Lange huko California mwaka 1936. Kila mmoja wao anasema kweli. Walakini mwanafunzi anayepita kutoka chumba hiki hadi kile, akisikia kengele baada ya kengele, anaweza asijue kamwe kwamba wote wanne wanazungumza juu ya watu wale wale. Lange alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali iliyotaka wananchi waione taabu ya wakulima ili waunge mkono misaada. Kwa hiyo picha yake ni sanaa, ni siasa, na ni hati ya historia kwa wakati mmoja. Somo tunalolizungumzia lilianzishwa ili mambo ya namna hiyo yasipotee katikati ya vyumba.

Asili yake

Mtu angedhani kwamba Wamarekani wamejisoma wenyewe tangu nchi yao ilipojitangazia uhuru mwaka 1776. Sivyo. Kwa muda mrefu vyuo vyao viliitazama Ulaya. Mwaka 1837 Ralph Waldo Emerson alitoa hotuba mbele ya wasomi wa Harvard, akiwataka waache kuishi kwa kuazima fikira za ng'ambo. Hotuba ilisifiwa sana, lakini vyuo havikubadilika upesi. Hata mwanzoni mwa karne ya 20 fasihi ya Marekani ilihesabiwa kuwa tawi dogo la fasihi ya Uingereza. Mwandishi kama Herman Melville, ambaye leo hufundishwa katika vyuo vingi vya huko, alifariki mwaka 1891 akiwa karibu amesahauliwa. Jarida la kitaaluma la fasihi ya Marekani lilianza kutolewa mwaka 1929 tu.

Aidha, vyuo vyenyewe vilikuwa vikigawanyika. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Harvard kutoka mwaka 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru wa kuchagua mafunzo wanayoyataka. Mrithi wake, Lawrence Lowell, aliona kwamba uhuru ule ulizaa wanafunzi waliodokoa huku na huku bila kushiba popote, akaweka sharti kwamba kila mmoja awe na uwanja wake mmoja wa kuuchimba. Kutokana na hapo idara zilipata nguvu, na kuta baina yao zikaota mizizi. Mwanahistoria alisoma hati za serikali, mtu wa fasihi akasoma mashairi, wala hawakutembeleana.

Wa kwanza kuzitikisa kuta hizo kwa kishindo alikuwa Vernon Louis Parrington, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mwaka 1927 alitoa majuzuu mawili ya kitabu chake Main Currents in American Thought, akieleza fasihi, dini, siasa na uchumi wa nchi yake kama mito inayotiririka katika bonde moja. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pulitzer ya historia, ingawa alikuwa mwalimu wa fasihi. Alifariki mwaka 1929 kabla ya kumaliza juzuu la tatu.

Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1930. Nchi iliyojidhania kuwa imebarikiwa kuliko zote ikajikuta na foleni za watu wanaongoja mkate, na vijana wakauliza: sisi ni nani, na tumefikaje hapa? Swali hilo halikuwa la idara moja. Katika vyuo vya Yale na Harvard walimu wa historia na wa fasihi walianza kufundisha pamoja, na Harvard ikaweka mpango wa shahada ya juu katika historia ya ustaarabu wa Marekani. Mtu wa kwanza kupata udaktari katika mpango huo wa Harvard, mwaka 1940, alikuwa Henry Nash Smith, kijana kutoka Texas. Mmoja wa nguzo kubwa za mpango huo alikuwa Perry Miller, na kwa huyu hatuna budi kusimama.

Matadi

Perry Miller alizaliwa Chicago mwaka 1905. Katika ujana wake aliacha masomo kwa muda, akazunguka ulimwengu akifanya kazi hii na ile, ikiwamo kazi ya melini. Katika miaka ya 1920 alifika Matadi, bandari yetu iliyo kandokando ya mto Kongo. Miaka thelathini baadaye, katika dibaji ya kitabu chake Errand into the Wilderness, kilichotoka mwaka 1956, alieleza kwamba ni hapo, akisimamia upakuaji wa mapipa ya mafuta kutoka Marekani, alipopata wito wa maisha yake: kueleza kiini cha nchi yake ni nini. Akarudi nyumbani, akasoma, akaingia Harvard, akawa bingwa wa historia ya Wapuritani, wale Wakristo Waingereza waliovuka bahari katika karne ya 17 na kufanya maskani Massachusetts.

Tuliposoma habari hizi mara ya kwanza tulifurahi, kama mtu anavyofurahi akilikuta jina la kijiji chake kitabuni. Tuliposoma mara ya pili, furaha ilipungua. Maana katika dibaji ile Matadi ni ukingo wa pori tu, tena pori la kishenzi. Mapipa yale hayakujishusha yenyewe, yalishushwa na mikono ya watu. Wakati huo huo, chini ya utawala wa Ubelgiji, reli itokayo Matadi kwenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa ikijengwa upya kwa jasho la vibarua, wengi wao wakishurutishwa, na wengi wakafa. Miller hakuwaandika. Alisimama katika nchi yetu, akaiona ya kwake. Wahenga walinena kwamba mgeni ana macho lakini haoni.

Hatusemi hayo ili kumshtaki marehemu, aliyefariki mwaka 1963 akiacha kazi ya kuheshimiwa. Tunasema kwa sababu kasoro hiyo ya Matadi iliingia katika msingi wa somo lenyewe. Somo lilikusudia kuitazama Marekani kwa ukamilifu, nalo likaitazama kama nchi iliyo peke yake duniani, iliyozaliwa na mawazo yake yenyewe, isiyodaiwa na mtu.

Kukua kwake, na mashaka yaliyofuata

Baada ya Vita Kuu ya Pili somo lilipata fedha na heshima. Sheria ya Fulbright ya mwaka 1946 ilitumia mapato ya mali ya kijeshi iliyobaki ng'ambo kulipia safari za walimu na wanafunzi. Mwaka 1947 semina ya Salzburg, nchini Austria, iliwakusanya vijana wa Ulaya, ambao wengine walikuwa maadui juzi tu, wafundishwe ustaarabu wa Marekani. Miongoni mwa walimu walikuwa mwanaanthropolojia Margaret Mead na F. O. Matthiessen wa Harvard. Jarida American Quarterly lilianzishwa mwaka 1949 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na chama cha walimu wa somo hili kikaundwa mwaka 1951.

Lakini fedha huja na mwenye fedha. Ulikuwa wakati wa vita baridi. Mwaka 1950 tajiri William Robertson Coe alikipa Chuo cha Yale fungu kubwa ili somo hili liwe kinga dhidi ya ukomunisti. Mwaka huo huo Matthiessen, aliyekuwa msoshalisti na aliyeshukiwa kwa imani yake, alijiua mjini Boston. Miaka miwili baadaye C. L. R. James, mwanahistoria kutoka Trinidad aliyekwisha andika rasimu ndefu juu ya ustaarabu wa Marekani, alizuiliwa katika kisiwa cha Ellis akingoja kufukuzwa nchini, na humo kizuizini akaandika kitabu juu ya Melville. Tunaona basi kwamba mtu aliweza kuipenda fasihi ya nchi ile kwa moyo wote na bado asitakiwe ndani yake.

Kitabu kilichong'ara kuliko vyote katika kipindi hicho ni Virgin Land cha Henry Nash Smith, kilichotoka mwaka 1950. Smith alikusanya hotuba za wanasiasa, ripoti za wapima ardhi, mashairi, na hadithi za senti kumi zilizosomwa na vibarua, akaonyesha jinsi Wamarekani walivyoifikiria nchi ya magharibi kuwa bustani iliyokuwa ikiwangoja. Alionyesha pia jinsi ndoto hiyo ilivyopotosha sheria zao za ardhi. Mbinu hiyo ilikuwa mpya na yenye manufaa. Hata hivyo ardhi ile haikuwa tupu. Walikuwapo wenyeji, mataifa mengi yenye lugha na mashamba, walioondolewa kwa mikataba iliyovunjwa na kwa bunduki, na katika kitabu hawaonekani sana. Mwaka 1986, akiwa mzee, Smith mwenyewe aliandika akikiri upungufu huo. Tunamheshimu zaidi kwa ungamo hilo kuliko kwa kitabu.

Walimu wengine waliuliza maswali ya namna nyingine. Mwaka 1972 Bruce Kuklick aliandika katika American Quarterly akihoji: riwaya chache za watu wenye kipawa zinawezaje kutuambia mamilioni ya watu wa kawaida waliwaza nini? Ni swali ambalo mwalimu yeyote wa fasihi, hata hapa kwetu, anapaswa kulijibu kabla ya kusema kwamba shairi fulani ni sauti ya taifa.

Lakini mabadiliko makubwa hayakutoka kwa walimu, yalitoka kwa wanafunzi. Novemba 1968 wanafunzi weusi wa chuo cha serikali cha San Francisco, pamoja na wenzao wenye asili ya Asia, ya Meksiko na ya wenyeji wa asili, waligoma. Mgomo ulidumu hadi Machi 1969, na mwaka huo chuo kikafungua kitivo cha kufundisha historia na utamaduni wa makabila hayo. Vyuo vingine vikafuata. Ndipo wengi walipogundua kwamba kazi iliyodaiwa kuwa mpya ilikwisha fanywa zamani na mtu mweusi. W. E. B. Du Bois alitoa utafiti wake juu ya watu weusi wa Philadelphia mwaka 1899, akitumia takwimu, ramani na mahojiano ya nyumba kwa nyumba. Mwaka 1903 alitoa The Souls of Black Folk, kitabu kinachochanganya historia, elimu ya jamii, hadithi na muziki. Hakungoja mtu avunje kuta za idara. Alifariki Accra mwaka 1963, akiwa raia wa Ghana.

Katika kipindi hicho lugha yetu nayo iliingia katika habari za Marekani. Sheria ya elimu ya mwaka 1958, iliyotungwa baada ya Warusi kurusha Sputnik, ilitoa fedha za kufundisha lugha za ng'ambo, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake limetokana na matunda ya kwanza na ambayo nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mwalimu wa sarufi anaweza kutabasamu akiona herufi ya ziada mwishoni mwa Kwanzaa, au akisikia kujichagulia, neno ambalo kwetu ni la mtu anayechagua nguo sokoni, likibeba maana ya haki ya watu kujipa jina na kujiamulia mambo yao. Asiishie kwenye tabasamu. Watu walionyang'anywa lugha za babu zao waliazima ya kwetu ili wawe na maneno ambayo bwana hakuwapa. Jambo hilo ni sehemu ya historia ya Marekani, na ni sehemu ya historia ya Kiswahili pia.

Mwaka 1993 Amy Kaplan na Donald Pease walitoa kitabu cha makala kuhusu utamaduni wa Marekani na ubeberu wake. Katika utangulizi Kaplan alirudi Matadi. Aliisoma upya dibaji ya Miller, akauliza kwa nini somo lililopata wito wake Afrika liliisahau Afrika. Tangu hapo walimu wengi wa somo hilo wameitafuta nchi yao hata nje ya mipaka yake: melini, mashambani, na katika bandari za mbali. Mwaka 1998 Janice Radway, akiwa rais wa chama chao, alithubutu kuuliza kama jina la chama bado linafaa. Jina limebaki, na swali nalo limebaki.

Kitambaa cha merikani

Sasa tujaribu sisi wenyewe kusoma kwa njia hiyo, tukianzia mahali petu. Wazee wetu walikiita kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi merikani, au amerikani. Neno hilo limo katika kamusi zetu, na wanafunzi hulipita bila kulitazama. Tulitazame.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837, mwaka ule ule wa hotuba ya Emerson, Richard Waters wa mji wa Salem alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikebu za Salem zilileta kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na sandarusi, ngozi na pembe za ndovu. Kitambaa kilipendwa kwa uimara wake hata kikawa kama fedha. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alifunga mizigo ya merikani ili alipie chakula na ruhusa ya kupita njiani hadi Ujiji.

Je, kisa hiki ni cha somo gani? Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, alieleza mwaka 1853 jinsi alivyoivuna kule Louisiana chini ya mjeledi. Hilo ni somo la historia, na kitabu chake ni fasihi. Katika mji wa Lowell, mashuhuri kwa viwanda vya nguo, wafumaji wengi walikuwa wasichana wa mashambani waliotoa jarida lao wenyewe, Lowell Offering, katika miaka ya 1840. Nguo zikavuka bahari, zikabebwa na wapagazi wa Kinyamwezi kupitia Tabora. Pembe zikateremka pwani mabegani mwa wapagazi na kwa mikono ya watumwa, zikaenda Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ambao jina lake lenyewe ni mji wa pembe, zikapasuliwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Msichana wa Boston alipojifunza muziki sebuleni kwao, vidole vyake viligusa ndovu wa Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kutoka mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikatiza pamba, vitambaa kutoka Bombay vilichukua sehemu kubwa ya soko la Unguja, lakini jina merikani halikufa.

Na misafara ile, ilipozidi kuzifuata pembe upande wa magharibi, ilivuka ziwa Tanganyika ikafika Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Maniema. Ilikuja na bunduki na minyororo, na vijiji vingi viliteketea. Ilikuja pia na Kiswahili. Kile kilichoitwa Kingwana, mzazi wa Kiswahili tunachokisikia katika masoko yetu, kilipita katika njia hiyo. Mwalimu anayefundisha ngeli na minyambuliko bila kusema neno juu ya pembe na nguo amefundisha ukweli, lakini amefundisha chumba kimoja cha nyumba.

Mafunzo kwetu

Hatupendi kulisifu somo hili kupita kiasi. Lina hatari zake. Anayegusa taaluma sita anaweza asiimudu hata moja. Kwa hiyo vyuo makini humtaka mwanafunzi awe na mzizi katika taaluma moja au mbili kabla ya kutandaza matawi. Lina pia hatari tuliyoiona katika miaka ya 1950: somo la kujijua linaweza kugeuka kuwa somo la kujisifu, hasa anayelipia anapotaka sifa. Sisi katika nchi zetu tunaijua hatari hiyo vema, maana nasi tuliwahi kufundisha utamaduni wa taifa kama ulivyoagizwa kutoka juu.

Hata hivyo tunachukua mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba somo hili lilikomaa lilipokubali kuulizwa na wale lililowaacha nje. Maswali ya vibarua, ya wenyeji na ya watoto wa watumwa hayakuliua, yaliliponya. La pili ni kwamba hatuhitaji idara mpya wala fedha za tajiri ili kuanza. Katika kila shule yetu yupo mwalimu wa Kiswahili, wa historia na wa jiografia. Wakikubaliana wiki moja tu kufundisha jambo moja, kwa mfano merikani, au reli, au chumvi, au kahawa, wanafunzi wataona kuta zikishuka. Sisi tulijaribu muhula uliopita kwa darasa moja. Saa mbili za mwisho zilitumika vibaya kwa sababu hatukuwa na ramani ya kutosha, lakini wanafunzi walikwenda kuwauliza bibi zao habari za nguo za zamani, wakarudi na maneno ambayo hatukuyajua.

Kuhusu mzee wetu, tulimwendea tena. Tulimweleza kwamba wanaosoma somo hili huwa walimu, wanasheria, waandishi wa habari, watunzaji wa makumbusho na watumishi wa serikali, na kwamba mwanawe hatarudi na stethoskopu. Hilo hakulipenda, wala hatukutaka kumdanganya. Kisha tukamsimulia habari za merikani, toka shamba la Louisiana hadi Kasongo. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema: "Mama yangu tulimzika kwa amerikani. Sikujua kwamba jina hilo ni la nchi aliko mtoto." Akauliza kama huko chuoni wanalijua jambo hilo. Tukamjibu kwamba baadhi yao wanalijua kwa vitabu, lakini la mama yake hawalijui. "Basi nitamwandikia," akasema, akamwita mjukuu alete kalamu.

Tungefurahi kupata kutoka kwenu, walimu wenzetu wa Bujumbura, Kigali, Kampala na kwingineko, majina ya vitambaa, ya shanga na ya vyombo ambayo bado yanatajwa na wazee wa kwenu, pamoja na habari za yalikotoka.